Sakafu Kwanza: Kuichora Forodhani kwa Ajili ya Gemu ya Mapigano

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa safu ya mbele, na vijana wenzangu mliojaa mpaka kwenye ngazi, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo karibu kila mmoja wenu ameiona mara elfu bila kuitazama. Tunapocheza gemu ya mapigano macho yetu huwafuata wapiganaji wawili, mikono yao, miguu yao na ule mstari wa uhai unaopungua juu ya kioo. Nyuma yao pana mahali, na pana mtu aliyekaa wiki nyingi akipachora. Vijana hupaita steji. Mimi leo nitapaita uwanja, kwa kuwa neno hilo linanikumbusha kwamba watu wanakwenda pale kupigana na wala hawakwenda kutazama picha.

Injini niliyojifunzia, yaani programu ya kuundia na kuendeshea gemu, inaitwa Mugen, neno la Kijapani lenye maana ya kisicho na mwisho. Ilitolewa na kikundi cha Elecbyte mwaka 1999, wakati huo ikiendeshwa kwenye DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, nayo ilitolewa bure kwa sharti kwamba isifanyiwe biashara. Haikuja ikiwa gemu kamili. Ilikuja na mpiganaji wa mfano anayeitwa Kung Fu Man, pamoja na maelezo marefu ya namna ya kuongeza wapiganaji na viwanja vyako mwenyewe, na yaliyobaki yakaachiwa watu. Elecbyte walitoweka mwaka 2003, wakarejea 2009, wakatoa toleo la 1.0 mwaka 2011 na toleo la majaribio la 1.1 mwaka 2013. Siku hizi wengi wetu tumehamia Ikemen GO, injini ya chanzo huria inayosoma mafaili yale yale. Nayataja haya kwa sababu moja tu: uwanja wa Mugen ni mafaili mawili, moja la picha lenye mwisho wa sff na jingine la maandishi lenye mwisho wa def, na hilo la maandishi unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, hata ile hafifu kuliko zote iliyomo kwenye kompyuta yako. Ndiyo maana uwanja ulioandikwa na mtu zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwenye mashine ambayo pengine imeshatupwa, bado unafunguka.

Niseme sasa jinsi nilivyoanza vibaya, maana wengi wenu mtaanza hivyo hivyo. Nilikwenda Forodhani, ile bustani ya ukingo wa bahari kule Zanzibar, jioni moja, nikapiga picha nzuri kwa simu, nikaipunguza ikawa na upana wa pikseli 640, nikaitia kwenye faili, nikawaita wenzangu waje kuona. Walichokiona ni wapiganaji wawili wanaoelea kiasi cha goti juu ya vigae, wakikimbia mbele ya picha iliyoganda kama kalenda ya dukani. Mpiganaji wa kushoto alipofika pembeni, picha ikaisha kabla ya kamera kusimama, na mahali palipobaki patupu pakajaa mabaki ya mwili wake, mikono kumi na vichwa sita vimepangana kama karata. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Picha yenyewe, nawahakikishia, ilikuwa nzuri.

Kosa lile lilikuwa na sehemu tatu, na zote tatu zinatokana na kuanza na mandhari badala ya sakafu. Tuanze na kule kuelea. Katika faili la maandishi kuna neno zoffset, nalo ni umbali kutoka ukingo wa juu wa kioo hadi pale miguu inapokanyaga. Kwa kipimo cha zamani cha pikseli 320 kwa 240, namba hiyo huwa kwenye mia mbili na kitu. Mimi nimezoea 220. Kipimo hicho ndicho nitakachokitumia leo kwa kuwa hesabu zake zinafanyika kichwani, ingawa uwanja wangu wenyewe sasa una upana wa 1280 na kimo cha 720. Ukishaichagua 220, kila kitu utakachokichora lazima kiutii mstari huo. Chora mstari mwekundu mtupu kwenye karatasi yako kabla ya kuchora hata jiwe moja.

Sehemu ya pili ni pembeni. Kamera ya gemu husogea kushoto na kulia kwa kiasi unachokiandika wewe katika boundleft na boundright. Kioo kina upana wa 320. Picha yangu ilikuwa na 640, maana yake ziada ni 320, yaani 160 kila upande, hivyo kamera ilipaswa kuishia kwenye -160 na 160. Mimi niliandika -200 kwa sababu nilimwona mtu mwingine ameandika -200. Hesabu hii ya kutoa na kugawa kwa mbili ndiyo inayotofautisha uwanja uliokamilika na uwanja unaovuja. Ukitaka kuziona nyufa kabla watu hawajaziona, andika debugbg = 1, na kila pikseli isiyofunikwa na mchoro wako itawaka rangi ya waridi kali, rangi mbaya kiasi kwamba huwezi kuisahau wala kuisingizia kitu kingine.

Sehemu ya tatu, ile ya kalenda ya dukani, ndiyo iliyonileta hapa, na naomba tuikalie.

Ukiwa ndani ya daladala inayokwenda, nguzo za umeme kando ya barabara zinakupita mbio, minazi ya nyuma yake inapita polepole, na mwezi unakufuata mpaka nyumbani. Jicho hupima umbali kwa kulinganisha miendo hiyo. Katika Mugen kila tabaka la mchoro hupewa namba iitwayo delta, inayosema tabaka hilo lisogee kwa kiasi gani kamera inaposogea. Delta ya 1 inakwenda sawasawa na wapiganaji. Delta ya 0.5 inakwenda nusu ya mwendo huo, na sifuri haiendi popote. Nilipoibandika picha nzima kwa delta ya 1, niliiambia injini kwamba jua, ngome, mchoma mishikaki na vigae vyote viko umbali mmoja, nayo injini ikanisadiki.

Hapo upana nao unabadilika, na hili ndilo linalowapotosha wengi. Tabaka linalokwenda polepole linahitaji picha nyembamba zaidi, kwa kuwa kamera ikisogea 160 lenyewe linasogea sehemu tu ya hizo. Tabaka la delta 0.5 linatosha kwa upana wa 480. Anga lenye delta 0.1 linatosha kwa 352. Nimewaona watu wakichora anga la pikseli elfu mbili kwa mkono, wingu moja moja, halafu sehemu kubwa ya mawingu hayo haionekani kamwe. Fanyeni hesabu kwanza, mkono upumzike.

Sakafu ndiyo tabaka gumu kuliko yote, kwa sababu haina umbali mmoja. Ukingo wake wa nyuma uko mbali na ukingo wake wa mbele uko karibu. Walioicheza Street Fighter II ya mwaka 1991 wanakumbuka jinsi sakafu ilivyokuwa ikijipinda chini ya miguu kadiri kamera ilivyosogea, mistari yake ikilala upande huu na upande ule. Mugen ina aina ya tabaka kwa kazi hiyo, inaitwa parallax, ambapo unaupa ukingo wa juu mwendo wake na ukingo wa chini mwendo wake, na injini inagawanya katikati. Uwanja wangu una sakafu inayoanza kwenye 180 na kuishia 240. Ukingo wa nyuma nimeupa 0.8 na wa mbele 1.1. Pigeni hesabu: kutoka 180 hadi 220 ni theluthi mbili ya safari, theluthi mbili ya 0.3 ni 0.2, na 0.8 ukijumlisha 0.2 unapata 1. Hivyo pale hasa miguu inapokanyaga, sakafu inakwenda sawasawa na miguu. Ukikosea hapo kwa kiasi kidogo tu, mpiganaji aliyesimama ataonekana kuteleza kana kwamba amekanyaga sabuni, na hakuna mchezaji atakayeweza kukuambia kasoro ni nini. Atasema tu kwamba uwanja wako unamchosha macho. Na meza za wauza vyakula, ambazo zinasimama kwenye ukingo ule wa nyuma, lazima nazo ziwe na 0.8. La sivyo zitaanza kutembea juu ya vigae.

Baada ya sakafu ndipo nikarudi Forodhani, safari hii bila haraka.

Swali la kwanza lilikuwa nitazame upande gani. Kamera ya gemu hizi haigeuki; unachagua upande mmoja na upande mwingine unaupa mgongo milele. Mimi nilitaka vyote viwili, jua likizama baharini na Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani. Nikachora vyote viwili. Mzee mmoja wa Shangani, niliyemwonyesha mchoro kwenye simu, aliutazama kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, Beit al-Ajaib imehamia baharini lini?" Sikuwa na jibu. Nikaifuta bahari. Kamera yangu sasa imesimama upande wa maji na kutazama mjini: wapiganaji wako kwenye vigae vya ukingo wa bahari, nyuma yao meza za vyakula na miti ya bustani, nyuma yake barabara, kisha Beit al-Ajaib kushoto na Ngome Kongwe kulia. Machweo hayaonekani. Yanaonekana kwenye kuta, ambazo jioni hugeuka rangi ya chungwa kwa dakika chache, na mimi naona hilo ni bora kuliko jua lenyewe, kwa kuwa jua limeshachorwa na kila mtu.

Kugeuza kamera kulinizalia jambo ambalo sikulitarajia. Kama jua liko nyuma ya kamera, kivuli cha mpiganaji kinapaswa kuanguka kuelekea mjini, yaani kuingia ndani ya kioo. Kivuli cha kawaida cha Mugen huanguka upande wa mtazamaji. Katika sehemu ya kivuli kuna namba ya yscale, na ukiiandika hasi, kivuli hugeuka na kulala kuelekea ndani. Nikaandika -0.4. Wapiganaji wakawa na vivuli virefu vya magharibi vinavyofika mpaka kwenye meza za mishikaki, na kwa mara ya kwanza wakaonekana wamesimama Forodhani badala ya kubandikwa mbele yake. Alama moja ya kutoa ilifanya kazi ambayo rangi za mwezi mzima hazikuifanya.

Swali la pili lilikuwa la tarehe. Jumba la Beit al-Ajaib alilijenga Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mwaka 1883. Wakati huo mnara ulisimama mbele yake, nao ulikuwa mnara wa taa. Uliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na mnara wa saa tuliouzoea ukaja kuungwa kwenye jumba lenyewe baada ya hapo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba ikaporomoka. Bustani nayo ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na vigae ninavyowachorea wapiganaji wangu ni vya baada ya hapo. Kwa hiyo ukichora vigae vipya na mnara mzima, umeshasema, utake usitake, kwamba pambano hili linafanyika kati ya 2009 na 2020. Nilichagua kubaki humo, na mishale ya saa nimeiweka kwenye kumi na mbili na robo kwa saa zetu. Uso wa saa ile una pikseli tisa tu kwa upana. Sidhani kama kuna atakayeisoma, lakini mimi najua inasoma nini.

Kijana mmoja mwenye kipaji kuliko mimi alinishauri niufanye mnara uporomoke raundi ya mwisho inapoisha. Injini inaruhusu, kuna njia ya kuamuru tabaka libadilike kwa wakati uliopangwa. Nilikataa. Mwaka 2020 watu walikufa pale, na ndugu zao wako mjini. Msinielewe vibaya, sipingi kuharibu vitu kwenye gemu. Vunjeni mapipa, vunjeni vioo, vunjeni meli nzima. Msiba wa jirani uachwe.

Nije kwenye vitu vinavyotikisika. Mchoma mishikaki wangu ana picha sita: anapepea makaa mara nne, anapumzika, kisha anageuza mshikaki mmoja. Injini huhesabu muda kwa mapigo 60 kwa sekunde, na kila picha unaiambia idumu mapigo mangapi. Nilipoweka meza tano zenye makaa yanayowaka kwa mzunguko mmoja, zote zikawa zinawaka na kufifia pamoja kama gwaride. Nilizipa mizunguko ya urefu tofauti isiyogawanyika kirahisi, 37, 41, 53 na kuendelea, na ikawa nadra mno zote kukutana. Mwanga wa makaa umejumlishwa juu ya rangi za nyuma kwa agizo la trans = add, ndiyo maana unaonekana ni mwanga na hauonekani kama doa jekundu. Moshi ni kinyume. Ukiujumlisha utang'aa kama mzimu. Na tafadhali, si lazima kila mtu wa nyuma ashangilie. Nina mkamua miwa asiyeinua kichwa hata mara moja. Watu wanapigana hatua nne kutoka kwake, naye anakunja muwa, anaurudisha kwenye mashine, anaukunja tena. Wachezaji wanampenda kuliko mpiganaji yeyote.

Rangi zilinisumbua mahali nisipotegemea. Wapishi wa Forodhani huvaa makoti meupe na kofia ndefu nyeupe, na kofia hizo zilikuja kuangukia kwenye kimo cha nyuso za wapiganaji. Ilikuwa kana kwamba nimepanga safu ya taa tano nyeupe pale pale mchezaji anapotazama ili ajue ngumi inatoka wapi. Mchezaji ana sehemu ndogo sana ya sekunde ya kuamua. Ukimnyang'anya hata kidogo, umemwibia. Nikazishusha kofia kimo, nikazipa rangi ya maziwa yaliyoungua, nikaacha weupe mmoja tu, wa kuta za juu, ambako hakuna anayepigana. Njia yangu ya kupima ni ya kizamani: naigeuza picha iwe ya kijivu, nasimama upande wa pili wa chumba, nafinya macho. Nikiweza kuwaona wapiganaji wawili na mstari wa sakafu tu, kazi imekwisha.

Jambo dogo kuhusu majani ya miti. Picha za Mugen ya kawaida zina rangi 256 kwa kila moja, na rangi ya kwanza, nambari sifuri, hufanywa uwazi unapoandika mask = 1. Programu za kuchora hupenda kulainisha kingo za majani kwa kuzichanganya na rangi ya nyuma, na matokeo yake kila jani hupata ukosi wa rangi hiyo. Zimeni huko kulainisha. Majani yawe na meno, meno hayo kwa umbali wa kawaida hayaonekani. Toleo la 1.1 na Ikemen GO zinapokea picha zenye rangi zote na uwazi wa kweli, lakini mkono uliozoea rangi chache huchagua vizuri zaidi, hayo ni maoni yangu na nimeshagombana na watu kwa ajili yake.

Tabaka la mbele, lile linalopita mbele ya wapiganaji, huandikwa layerno = 1. Nimelitumia kwa kitu kimoja tu, kamba nene ya kufungia mashua iliyolala chini kabisa ya kioo, delta ya 1.3. Kama nisingejizuia ningeweka mlingoti, na mlingoti ungempitia mchezaji usoni katikati ya pambano.

Kuhusu haki, nitasema kwa ufupi kwa kuwa hili halina ugumu. Viwanja vingi vinavyozunguka mitandaoni vimechomolewa kutoka gemu za kampuni kubwa na kuunganishwa upya. Nimejifunza kutokana na hivyo, sikatai. Hata hivyo, picha uliyoichora mwenyewe, ya mahali unapopajua, hakuna wa kukudai, na hakuna mwingine aliyenayo. Sauti nimerekodi mwenyewe pale pale, mashine ya miwa na mluzi wa mtu, dakika mbili zinazojirudia. Muziki wa wazee wetu una wenyewe, wanaostahili kuombwa.

Mwisho kabisa, faili lenu lina haki ya kujaribiwa kabla ya kutolewa. Lisajilini katika select.def, faili linaloorodhesha wapiganaji na viwanja, chini ya ExtraStages, kisha mwiteni mtu anayependa kushinda, mpeni mpiganaji anayeruka juu kuliko wote. Wachoraji tunatembea kushoto na kulia tukijisifu, tukisahau kwamba kamera hupanda pia. Mimi niliwahi kutoa uwanja ambao juu ya minara yake hapakuwa na anga.

Naomba sasa taa za mbele zizimwe na kijana wa kompyuta aufungue uwanja huu ukutani. Ninahitaji watu wawili wa kucheza, na wengine wote mtazame nyuma yao. Nimeharibu namba moja makusudi, tabaka moja linatembea isivyotakiwa. Atakayeliona ainue mkono, aseme ni lipi, na tutaisahihisha delta yake hapa hapa.